Kurasa Tatu za Mto Kabita

Igogo, Jumapili mchana

Eunike mama,

Salamu nitaziruka. Umetoka hapa sasa hivi na chapati mkononi, unakwenda Pasiansi kumuaga shangazi yako, na jinsi ulivyobamiza mlango najua u mzima. Mimi pia mzima. Nina kama saa tatu kabla hujarudi, na nataka barua hii iwe imeshaingia kwenye begi lako, juu ya yale madaftari mawili ya bluu uliyojitolea kuyafikisha chuoni. Nimeiweka juu makusudi. Usiyafungue madaftari kabla hujaisoma.

Habari za blanketi, sabuni, na nani usimwachie mzigo wako stendi ya Nyegezi, sitaandika. Shangazi yako anakueleza hayo hivi sasa, na atayarudia mara mbili. Mimi nina jambo moja, na nimelikalia miaka kumi na moja.

Ni ile ramani iliyo ukutani, juu ya redio. Umekua ukiitazama. Ulipokuwa darasa la nne ulikuwa unawaleta wenzako, unapanda kwenye stuli, unawaonyesha kwa kidole yale maandishi madogo ya chini kabisa: "Takwimu za mwaloni: Mama Eunike, Kigongo." Unawaambia, "Huyo mama yangu. Na mimi nimo." Wenzako wakaenda kuwaambia mama zao kwamba Eunike yumo kwenye ramani ya serikali. Haikuwa ya serikali, lakini sikuwasahihisha.

Ramani ile inaonyesha yule samaki ningu anaishi wapi upande wetu wa ziwa. Penye kijani iliyokolea ndipo makao yake, penye kijani hafifu huenda yupo, penye weupe hayupo. Ndiyo iliyokufanya uchague kwenda kusoma mambo ya samaki na maji, uliniambia mwenyewe. Kwa hiyo ninayoyaandika nayaandika polepole. Utaona kwenye mwandiko.

Jumatano Dokta Lusia, aliyeitengeneza ile ramani na sasa anafundisha huko unakokwenda, alipopiga simu, wewe ulisikia nusu tu kwa sababu ulikuwa unashangilia. Mimi nilisikia yote. Alisema, "Mama Eunike, ramani tunairudia upya. Safari hii tunaweka kila kitu wazi: kila samaki aliyeandikwa, siku yake, mahali pake, tulichokitupa na kwa nini tulikitupa. Mtu wa Kisumu au wa Entebbe achukue viungo vile vile, apike kwa njia ile ile, apate mboga ile ile."

Nikamuuliza, "Na akipata mboga nyingine?"

Akacheka. "Basi tutajua nani alizidisha chumvi."

Ndipo akaomba madaftari ya mwanzo, yale ya mkono, wayapige picha ukurasa kwa ukurasa. Ukadakia, "Nitakuja nayo mimi, Dokta!" Ukarukaruka. Mimi nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Nianze mwanzo. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na tano, nakaanga samaki pale mwaloni Kigongo, mitumbwi inaposhusha samaki, nawauzia watu wanaosubiri kivuko. Baba yako alikuwa machimboni Geita na habari zake zilikuja kwa watu wengine. Dokta Lusia naye bado alikuwa mwanafunzi, mwembamba, kofia kubwa kuliko kichwa. Akala samaki wangu, akauliza, "Huyu katoka wapi?"

"Ziwani."

"Ziwani wapi?"

Wanawake wote wa pale wakaguna. Wewe umekulia huko, unajua: mvuvi haulizwi alipotega. Ukimuuliza atakutajia mahali, lakini patakuwa upande mwingine kabisa wa maji. Yule mtoto wa watu alikuwa amezunguka wiki nzima akiuliza, na amejaza karatasi uongo wa wavuvi bila kujua. Nikamhurumia, nikamwambia. Akaziangalia karatasi zake, akaketi kwenye ndoo yangu, akasema, "Kwa hiyo nifanyeje?" Nikamwambia, "Usiulize. Panda mtumbwi uone."

Halafu akaliona daftari langu la nyimbo za kwaya, akausifu mwandiko. Hivyo ndivyo mtu wa darasa la saba alivyopata kazi ya utafiti.

Mwenye mtumbwi alikuwa Mzee Magesa, Mjita mwenzetu. Humkumbuki vizuri. Mbishi yule, anaweza kubishana na jua kwamba limechelewa. Kila Alhamisi alinipitisha sehemu nne, tunavuta nyavu zilezile, mimi naandika: samaki gani, wangapi, maji ya kina gani, chini tope au mchanga, matete yapo au hayapo. Sehemu ya nne ilikuwa mlango wa mto Kabita, kale kamto kembamba kanakoingia ziwani nyuma ya mashamba ya mpunga.

Nilimuuliza Dokta siku moja, "Sehemu nne tu, ramani ya upande mzima utaipataje?" Akanieleza kwamba kompyuta inajifunza samaki anapenda mahali pa namna gani, halafu inakwenda kutafuta mahali pengine panapofanana na hapo. Nilielewa hivi: ni kama mtoto mgeni mjini. Unamwonyesha nyumba tatu za shangazi zake, zote zina bati jekundu. Kuanzia hapo kila akiona bati jekundu anasema hapa kwa shangazi. Atapatia mara nyingi tu. Lakini ukimwonyesha nyumba moja ya uongo, atapiga hodi kwa watu wasio wake mji mzima. Dokta alicheka mpaka akaandika maneno yangu kwenye daftari lake.

Unaona, nilielewa. Sitaki udhani nilikosea kwa kutojua.

Alinipa kanuni moja, aliirudia kuliko zote. Ukifika mahali, ukavuta wavu, usimkute ningu, andika sifuri. Ukiwa hukufika, usiandike sifuri. Acha wazi, au piga kistari. "Sifuri ni habari, mama Eunike. Wazi nayo ni habari. Lakini hazifanani."

Sasa mimi shule nilifundishwa vingine. Mwalimu wetu wa darasa la saba alikuwa anapita na fimbo wakati wa mazoezi ya mtihani: "Usiache nafasi wazi! Hujui, bahatisha! Aliyeacha wazi ni mvivu." Nilichapwa kwa nafasi wazi, Eunike. Kwa majibu ya kubahatisha sikuchapwa hata siku moja. Mpaka leo nikiona mstari mtupu kwenye fomu, mgongo unanisisimka.

Ukaugua. Ulikuwa na miaka minane, masika yameanza, malaria ikakupanda kichwani. Wiki tatu tulikuwa wodini, wewe na mimi kitanda kimoja. Alhamisi tatu zikapita sijakanyaga mtumbwi. Tuliporudi nyumbani, nakala ya mwezi ya madaftari ilikuwa inatakiwa kesho yake. Kurasa tatu za mto Kabita zilikuwa tupu. Sehemu nyingine tatu yupo mwanamke mwenzangu aliyenisaidia, lakini Kabita ni mbali, hakufika.

Ningepiga kistari. Dokta asingesema neno, angeniuliza tu mtoto anaendeleaje. Lakini niliziangalia zile kurasa nikaona mwalimu na fimbo yake. Nikajiambia, mwezi uliopita Kabita haikuwa na ningu, mwezi wa nyuma yake pia, basi na wiki hizi hakuna. Nikaandika. Tarehe, kina cha maji, tope, matete yapo. Ningu: sifuri. Sifuri. Sifuri. Hata hali ya hewa nilitunga. Wiki ya pili nikaweka "mawingu kiasi". Mwandiko mzuri sana. Ukizifungua utaona ndizo kurasa safi kuliko zote, hazina hata tone la maji.

Siku tatu baadaye akaja Mzee Magesa kukujulia hali. Ana kifurushi cha gazeti.

"Mama Eunike, mtoto anakula?"

"Kidogo, baba."

"Atakula hawa." Akafungua. Ningu wawili, amewakausha kwa moshi, wameinama kama mkono wa kikombe. "Wa Kabita. Wewe umekaa hospitali huko, wenyewe wamepanda mto wiki zote tatu. Nilikuwa natega peke yangu. Wamejaa mpaka nikawa natukana, wavu unaniumiza mikono. Mwaka huu wamechelewa tu."

Niliwapika kwa nyanya na maji mengi. Ulikula wote wawili, ukanyonya na vichwa. Ndicho chakula cha kwanza kukaa tumboni mwako tangu uumwe. Nilikaa nakuangalia, nafurahi, na huku karatasi yangu inasema samaki ulionyonya kichwa chake hayupo.

Ningeweza kumpigia Dokta jioni ile. Simu nilikuwa nayo. Nilijiambia nitampigia kesho. Kesho nikajiambia kurasa tatu katika mafungu yale yote ya karatasi ni nini. Keshokutwa sikujiambia kitu.

Ramani ikaja mwaka uliofuata. Mto Kabita ulikuwa mweupe, na vijito vingine viwili vinavyofanana nao, ambavyo sijawahi hata kuviona, vilikuwa vyeupe pia. Bati jekundu, unakumbuka.

Ukaitishwa mkutano pale mwaloni. Hoja ilikuwa moja: miezi ya masika, milango ipi ya mito ifungwe, nyavu zisitegwe, ningu wapande kutaga. Wote wasingekubali kufunga yote, kwa hiyo wakaitandaza ramani juu ya meza ya muuza chai, wakachagua penye kijani. Mzee Magesa akasimama.

"Na Kabita?"

"Kabita nyeupe, mzee," akasema kijana mmoja, mwenye nyavu nyingi.

"Nyeupe kwenye karatasi. Mimi nimewavuta pale tangu sijaota ndevu."

"Mzee wangu, utabishana na kompyuta?"

Mwingine akadakia, "Kompyuta hailali usingizi kwenye mtumbwi kama wewe!" Watu wakacheka. Muuza chai naye akacheka, na Mzee Magesa alikuwa mteja wake wa kila siku.

Ndipo akanigeukia. Hakukasirika, alikuwa ananitafuta tu kama mtu anavyotafuta fimbo yake. "Muulizeni huyu. Yeye ndiye aliyeandika. Mama Eunike, waambie. Mtoto wako si aliwala?"

Watu wote wakanitazama. Nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri kwa ajili ya mkutano ule, jina langu likiwa pale mezani, chini ya ramani. Nikasema, "Mimi niliandika nilichokiona."

Mzee akasema, "Haya, mwanangu," akaketi. Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu. Milango mitatu ikafungwa, Kabita ikabaki wazi, na masika yale wakavusha nyavu kutoka ukingo mpaka ukingo.

Siku hizi ningu Kabita hakuna. Wanasema ni mashamba ya mpunga, wanasema ni tope, wanasema ni nyavu. Sijui, na sitajifanya najua ni kwa ajili ya kurasa zangu. Huenda hata pangefungwa wangekwisha. Ninachojua ni kwamba siku watu walipotaka kuamua, walihitaji neno moja la kweli, na aliyekuwa nalo ni mimi.

Sikiliza sasa jambo hili, na ulisome mara mbili. Nimeandika kwamba uliugua kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Usiubebe mzigo huu. Malaria haikushika kalamu, mimi ndiye niliyeishika. Kwa miaka mingi nilipojitetea moyoni nilikuwa nasema "mtoto alikuwa mgonjwa", na nikisema hivyo nilikuwa nakuweka wewe mbele kama ngao, ukiwa na miaka minane. Hilo nalo nakuomba radhi.

Baada ya simu ya Jumatano nilifikiria kuyachoma. Nakwambia ukweli. Ningesema panya wamekula, au maji yaliingia tulipohama Kigongo kuja Igogo. Nani angenikatalia? Alhamisi uliponiona nimekaa na kiberiti ukaniuliza mbona siwashi jiko, ndiyo yenyewe hiyo. Kisha ukaanza kuimba huku unakunja nguo zako, ukaweka nafasi katikati ya begi, sawasawa na upana wa madaftari. Nikawasha jiko kwa karatasi nyingine.

Ijumaa nilikwambia nakwenda sokoni. Nilikwenda Busisi. Mzee Magesa anakaa kwa binti yake huko. Nilipita juu ya daraja, na pale chini ambapo nilisimama miaka yangu ya ujana nakaanga samaki hapana mtu, hakuna tena anayesubiri kitu. Nilimkuta nje anashona wavu mbovu ambao hakuna atakayeutumia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani?"

"Mama Eunike."

"Wa kompyuta?"

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Zile sifuri, na mkutano. Alishona macho matatu manne ya wavu ndipo akajibu.

"Kumbe ulikuwa unajua kusema."

"Nisamehe, baba."

"Kukusamehe kwenyewe nilishakusamehe zamani, nilichoka kukasirika. Lakini wale waliocheka wangapi wamekufa?"

"Wawili watatu."

"Mwenye nyavu?"

"Yupo."

"Haya. Huyo mwambie." Akavuta uzi. "Na kwenye hilo daftari lako uandike jina langu. Andika: Magesa aliwaona. Siyo mzee mmoja. Magesa."

Jana nilimpigia Dokta Lusia wewe ukiwa kwenye kwaya. Nilisoma kwenye karatasi ili nisigeuze maneno. Nikamwambia, "Nizichane hizo kurasa nikuletee zilizobaki?"

"Hapana!" Alipaza sauti. "Usichane. Zipige mstari mmoja, ziendelee kusomeka. Halafu pembeni andika leo ni tarehe gani, kilichotokea, na saini yako."

Nikamuuliza habari za mzee. Akasema maneno ya mzee yataingia, lakini mahali pake, yaandikwe kuwa ni kumbukumbu ya mvuvi, isije ikachanganywa na kilichopimwa. Nikamuuliza la mwisho, lile nililokuwa naliogopa. "Jina langu litatoka?"

"Jina linabaki, mama Eunike. Chini yake tutaandika kwamba kurasa tatu zilisahihishwa na mwandikaji mwenyewe."

Nilitaka anifute, Eunike. Kufutwa kungekuwa kwepesi. Sasa nitakaa pale chini na kosa langu, na mtu wa Kisumu atalisoma. Lakini leo asubuhi kanisani nimeona kwamba kwa mara ya kwanza tangu ile ramani itundikwe sikuwa nawaza mtu akiniuliza nitasema nini.

Kwa hiyo ukifungua daftari la pili, baada ya kurasa zenye madoa ya maji, utazikuta tatu safi zenye mstari mwekundu. Pembeni nimeandika kwa kalamu ya leo: "Sikufika. Nilikuwa hospitali. Nilitunga." Na chini yake: "Magesa aliwaona ningu hapa, wiki zote tatu. Amesema mwenyewe. Wawili waliliwa nyumbani kwangu." Mkabidhi Dokta mkononi. Usimweleze lolote, anajua. Na wenzako chuoni wakikuuliza wewe ni mtoto wa yule mama wa mwaloni, sema ndiyo. Wakikuuliza na lile lingine, sema ndiyo pia.

Utakuwa na aibu kidogo, labda utakuwa na hasira mpaka Singida. Una haki. Usinipigie kunifariji ukiwa kwenye basi.

Ramani nimeiteremsha sasa hivi, nimeikunja, ipo kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Ukutani pamebaki alama ya mraba, rangi mpya kama siku ilipopakwa. Shangazi yako akija ataniuliza tunaweka nini pale. Hatuweki kitu mpaka ile nyingine itoke. Iwe na weupe, iwe na kijani, vyovyote itakavyokuja.

Nina ombi moja, halafu nifunge, maana nasikia watoto wa jirani wanakuita huko barabarani, ndio umerudi. Sisi tukiandikiana tunaanza na "mimi mzima wa afya". Hata mtu yuko kitandani anaandika mzima wa afya. Wewe usinifanyie hivyo. Siku ukijiangalia ukajikuta u salama, niandikie salama, nitafurahi. Siku ukijiangalia ukakuta umelia, umeshindwa mtihani, umekosa rafiki, niandikie hivyo hivyo, hata kwa maneno mawili. Na siku ambayo hujapata hata muda wa kujiangalia, usinitungie. Usiniandikie kitu. Acha wazi.

Sitasema wewe ni mvivu. Nafasi tupu sasa najua kuisoma.

Mama yako,
Rehema